Shajara ya mradi: kufufua maktaba na chumba cha kompyuta cha kampasi kwa milioni nne na nusu

Jumatatu, 16 Oktoba 2023: kuhesabu maiti

Wakuu, naanza kuandika leo ili mwenye chuo kidogo kama chetu asije akarudia makosa yangu. Mimi ni mtu wa IT kwenye kampasi moja ya pwani, Tanzania, jina la chuo liacheni. Mkuu wa kampasi kanipa 4,500,000 na sentensi moja tu, "fufua maktaba kabla wanafunzi hawajarudi." Wanarudi mwezi ujao kwa hiyo ilishaeleweka kwamba hiyo kabla haipo.

Tulichonacho: chumba cha kompyuta ghorofa ya kwanza, mashine 24, zinazowaka ni 9. Vitabu kama 6,200, orodha yake nusu iko kwenye kadi za karatasi kwenye droo za mbao zile za zamani, nusu iko kwenye faili la Excel ambalo mtu aliyelitengeneza kahama na hakuna anayejua safu ya "Namba2" ilimaanisha nini. Waifai ipo, megabiti 20 kwa kampasi nzima. Mkutubi yupo mmoja, tunamwita Mama Mkutubi, yuko pale toka kampasi inaanza na kwa kweli katalogi halisi ni kichwa chake, ukimuuliza kitabu anakwambia "rafu ya tatu, chini, jalada la kijani limechanika."

Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa kununua kompyuta mpya. Nimekataa. Milioni nne na nusu ikinunua mashine mpya haifiki hata nane halafu huna hela ya kitu kingine chochote.

Jumamosi, 4 Novemba 2023: mashine 22 zinawaka

Katika zile 15 zilizokufa, 6 hazikuwa zimekufa. Vumbi na ramu yenye kutu tu, unaichomoa, unasugua meno yake na ufutio wa penseli, unarudisha, inawaka. 4 hadidiski zimekwisha, 3 pawasaplai, na 2 mazabodi zimeungua kabisa hizo nimezifanya spea. Betri za saa nilinunua 24 kwa mkupuo maana karibu mashine zote zilikuwa zinauliza tarehe zikiwaka. Zimetumika 22, mbili nimeweka kwenye droo. Kumbukeni hizo mbili.

Sasa kosa. Nilienda Kariakoo kununua SSD (diski za kisasa zisizozunguka) za GB 120, bei tuliyokubaliana 35,000 moja. Kijana wa dukani akaniambia kaka kwa nini uteseke, chukua GB 480 kwa elfu arobaini, mzigo umeingia juzi. Nikajua kabisa kwamba haiwezekani, na bado nikachukua nne "za kujaribu". Nimefika nazo kampasi nikaendesha programu ya F3, ile inajaza diski mpaka mwisho halafu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Ilipofika GB 30 ikaanza kuandika juu ya yale yale ya mwanzo. Nikafungua moja na bisibisi: ndani ni kipande cha bodi ukubwa wa stempu, na kadi ya memori ya simu imegandishwa kwa gundi, sehemu yote iliyobaki tupu, wameweka kichuma kidogo ili iwe nzito mkononi. 160,000 imeenda hiyo. Kurudisha dukani nauli tu inakula faida na yule kijana nilivyomtazama siku ile sidhani kama angenikumbuka. Kwa hiyo ukinunua, pima na F3 kabla hujaondoka mjini, beba laptop yako, wacha wakucheke.

Mashine 16 nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, 6 nimeacha Windows kwa wanaotumia SPSS, programu ya takwimu. Wanafunzi wachache waliobaki kampasi walilalamika siku ya kwanza kwamba LibreOffice (ya bure, badala ya Microsoft Office) "inaharibu risachi". Nilidhani ni ubishi, kumbe kweli: mtu kaandika kwa Calibri, mashine haina Calibri, inaweka fonti nyingine, mistari inasogea, jedwali linaruka ukurasa, ukurasa wa yaliyomo unasema uongo. Dawa ni kuweka fonti zenye vipimo vilevile: Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria, Liberation Serif badala ya Times New Roman. Ni bure, dakika tano, na malalamiko yakapungua kama nusu. Nusu iliyobaki ni ubishi.

Gharama: SSD halali 22 ni 770,000, feki 160,000, pawasaplai 90,000, betri za saa 24,000, pesti ya prosesa na vikorokoro 21,000, kutuma mzigo kwa basi 15,000. Jumla 1,080,000.

Jumatatu, 27 Novemba 2023: waifai inayokubali nywila halafu inakunyima

Wanafunzi wamerudi wiki iliyopita na waifai ikafa siku ya pili. Haikufa kabisa, ndiyo shida yenyewe. Saa mbili asubuhi safi, saa nne watu wanaanza kulalamika simu inaandika "inapata anwani" inazunguka mpaka inakata tamaa, lakini mwenzake aliyekaa pembeni anapata vizuri tu. Jioni malalamiko yanaisha yenyewe.

Nililaumu mtoa huduma, siku mbili nikawapigia. Halafu nikalaumu kile kifaa cha ukutani, nikamlipa fundi 50,000 akakihamishia korido. Hakuna kilichobadilika. Siku ya nne ndio nikafungua ukurasa wa DHCP kwenye rauta (sehemu inayogawa anwani za mtandao kwa kila kifaa), yaani kitu ambacho ningefungua dakika ya kwanza, na nikaona orodha imejaa hadi chini, Tecno, Infinix, Samsung, Tecno, Infinix. Mtandao wetu ulikuwa na anwani zisizofika 254 na kila simu ikipewa anwani inakaa nayo saa 24. Njia ya kwenda kantini inapita dirishani kwa maktaba. Kila mwanafunzi aliyewahi kuweka nywila, akipita kwenda kula chapati, simu yake mfukoni inaunganika yenyewe na kuchukua anwani ya kutwa nzima. Yaani waifai ya maktaba ilikuwa inaliwa na foleni ya chai.

Nimenunua rauta ya MikroTik iliyotumika kwa 180,000, nikapanua mtandao kuwa 192.168.0.0/22, hapo unapata anwani 1,022, na muda wa kushika nikashusha hadi saa 2. Tatizo likaisha hapohapo.

Na likazaliwa jingine, kwa sababu printa ilikuwa na anwani niliyoiandika kwa mkono miaka miwili iliyopita, maski yake (namba inayomwambia mtandao wake unaishia wapi) bado 255.255.255.0, na sehemu ya geti, yaani njia ya kutokea nje ya hapo, tupu. Kwa hiyo mwenye anwani ya 192.168.1 anaprinti, mwenye 192.168.2 haprinti, na kwa mtumiaji inaonekana kama printa ina upendeleo. Kuna binti wa mwaka wa tatu alishaamini kwamba printa haitaki laptop za Dell. Ukipanua mtandao, zungukia kila kifaa chenye anwani ya kudumu ubadilishe maski, kila kimoja, andika kwenye karatasi.

Pia nimewawekea kikomo cha megabiti 1 kwa kila mtu. Nimetukanwa kidogo. Kuna waliotoka vyuo vikubwa wanauliza eduroam iko wapi, ile unatumia akaunti ya chuo chako ukiwa chuo chochote kilichojiunga. Iko kwenye ndoto, ngoja kwanza printa ikubali Dell.

Hatua hii: fundi 50,000, rauta 180,000, nyaya na vichwa vyake 40,000. Jumla 270,000, mpaka sasa 1,350,000.

Ijumaa, 19 Januari 2024: Koha, na stika zilizofutika

Mfumo wa vitabu tumechukua Koha. Ni bure, ilitengenezwa New Zealand kwa maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000 kwa sababu mfumo wao wa zamani walikuwa wanaogopa hautavuka mwaka 2000, na jina ni la Kimaori, maana yake zawadi. Nimeiweka kwenye mashine ya 25, ile ya ofisini yenye ramu ya GB 8, Debian 11 (nayo ni Linux), hiyo ndiyo seva yetu. Kuiweka kulinichukua siku moja, maelekezo yapo mengi sitarudia.

Kazi ni vitabu. Tulipata vijana wanne wa field wanaosomea ukutubi, tukawapa 5,000 kwa siku, siku 20. Kitabu chenye ISBN, ile namba ya kimataifa ya nyuma ya jalada, unaandika namba, Koha inaenda kuvuta taarifa Maktaba ya Bunge la Marekani, inarudi nazo zimejaa, sekunde kumi. Kwa vitabu vya sayansi na sheria hiyo ni raha tupu. Ukifika rafu ya Kiswahili raha inaisha, vingi haviko kule, na vya zamani havina ISBN kabisa, unaandika mwenyewe mwanzo mwisho. Hapo ndipo majina yakatushika. Mfumo unataka jina la ukoo kwanza, koma, halafu jina la kwanza. Sasa mtu anaitwa Ali Hamisi Juma, ukoo ni upi hapo? Kijana mmoja kaandika Juma, Ali Hamisi. Mwingine Hamisi, Ali. Wa tatu kaandika kama lilivyo kwenye jalada. Mwandishi mmoja anatokea watu watatu, ukitafuta unapata theluthi ya vitabu vyake. Mama Mkutubi akaja akatazama akasema, "Wanangu, kwani mmekosa la kufanya? Jina la mwisho kwenye jalada ndilo linaanza, kwa wote, hata kama mwenyewe angenuna." Tukabandika ukutani. Halafu tukarudia vitabu 310.

Jingine la rafu hiyohiyo: kwa Dewey (mpango wa namba za kupanga vitabu rafuni) fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na waliotangulia walibandika namba hiyo kwenye kila kitu, riwaya, tamthilia, mashairi, rafu mbili nzima namba moja. Tumeongeza tarakimu inavyotakiwa, 896.3921 ushairi, 896.3922 tamthilia, 896.3923 riwaya na hadithi, chini yake herufi tatu za mwandishi. Mwanafunzi wa fasihi sasa anaenda moja kwa moja.

Skana za kusoma misimbo ya mistari (barcode) tulinunua mbili, 75,000 kila moja. Kila tukipiga msimbo kwenye fomu ya kitabu, fomu inajituma kabla hatujajaza rafu na bei. Siku nzima tulidhani Koha ina mdudu. Kumbe skana kwa kompyuta ni kibodi tu, na mwisho wa namba inabonyeza Enter yenyewe. Kwenye kile kijitabu chake kuna msimbo wa kuzima Enter, unaupiga, basi. Lakini kaunta ya kuazimisha inaihitaji Enter. Kwa hiyo tuna skana mbili, moja ina Enter moja haina, isiyo na Enter tumeizungushia plasta nyekundu, na ole wako uzibadilishe.

Halafu stika. Hapa nimeumia. Nilichapa stika 3,000 za misimbo na printa ya wino wa maji, zikapendeza, tukabandika 1,900. Wiki mbili baadaye mwanafunzi anarudisha kitabu, msimbo umegeuka ukungu wa bluu. Huku pwani mkono wa mtu una jasho kuanzia saa tatu asubuhi, na wino ule ukiguswa na unyevu unatembea. Nyingine gundi imeachia imebaki kwenye begi. Tumerudia zote kwa printa ya leza na juu yake selotepu pana inayozidi stika pande zote. Sijaona iliyofutika tena. Mmoja wa vijana alikuwa anabandua ya zamani kwa kuipuliza na drai ya nywele aliyoazima hosteli, inatoka bila kuchana jalada, chukueni hiyo ni bure.

Vitabu vilivyoingia mpaka leo 3,870. Gharama: vijana 400,000, skana 150,000, stika za hasara 85,000, stika nzuri na selotepu 120,000. Hatua hii 755,000, jumla 2,105,000.

Jumamosi, 2 Machi 2024: umeme, maktaba bila intaneti, na nywila iliyostaafu

Mgao wa umeme ulitusumbua toka tunaanza. Toka turbini ya kwanza ya Bwawa la Nyerere ianze mwezi uliopita mambo yamelegea lakini tulishalipa karo. UPS (vifaa vya umeme wa akiba) sita zilikuwa na betri mfu, nimebadilisha 12V 7Ah, 45,000 kila moja, 270,000. Kuna mtu alinishauri nifunge betri ya gari kwenye UPS moja ili ikae muda mrefu. Ilikaa dakika arobaini halafu chumba kikanuka kama mpira unaoungua. Chaja yake haikutengenezwa kwa mzigo ule, msijaribu. Badala yake nimeunganisha UPS na seva kwa waya wa USB na programu ya NUT, betri ikikaribia kuisha seva inajizima kwa adabu.

Kabla ya hapo kila umeme ukikata ghafla, vitabu vipya vilikuwa havionekani kwenye utafutaji. Kitabu kipo, ukikifungua kwa namba kipo, ukiandika jina hakipo. Ni faharasa ya utafutaji ya Koha, inaitwa Zebra, haikurudi vizuri. Amri ni koha-rebuild-zebra -v -f na jina la maktaba yako, subiri, vinarudi. Mama Mkutubi ameiandika kwa kalamu nyuma ya daftari la kuazima na anaiendesha mwenyewe, mimi siitwi tena.

Maktaba bila intaneti ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kiganjani, yenye programu ya Kiwix, mtu anaingia kwa waifai anasoma Wikipedia yote bila kugusa bando. Ya Kiingereza yenye picha ni kama GB 100, faili moja. Jaribio la kwanza nilishusha kwa brauza, ikafika GB 71 umeme ukaenda, ikaanza sifuri. La pili nikatumia amri ya wget -c usiku tu, inaendelea ilipoishia, usiku wa nne ikamaliza. Nikataka kunakili kwenye diski, ikakataa, faili kubwa mno, kwa sababu diski ilikuwa imeformatiwa kwa mpangilio wa zamani wa FAT32 na ule haupokei faili linalozidi GB 4. Nikaiformati upya. Hivyo unaona wiki mbili zinavyopotea. Mfumo wa Pi nao ulikuwa kwenye kadi ya memori, na baada ya kukatika umeme mara ya tatu kadi ikafa, haisomeki popote. Sasa inawakia kwenye SSD ya USB, haijasumbua.

Hii ya mwisho haikugharimu kitu na ndiyo inaniuma. Kampasi ilishasajiliwa Research4Life, yaani Hinari ya afya, AGORA ya kilimo na wenzake, majarida ambayo mwanafunzi angelipia dola thelathini makala moja sisi tunapata bure. Tulisajiliwa miaka. Nywila alikuwa nayo mtu mmoja, akastaafu, akaondoka nayo, na hakuna aliyeuliza. Nilimpigia, "Shikamoo mzee," akacheka, akasema iko kwenye bahasha kabati la chini nyuma ya magazeti. Ilikuwepo kweli, na haifanyi kazi maana ilishabadilishwa. Tukaandika barua pepe kuomba upya, tukajibiwa ndani ya wiki. Sasa inajulikana na watu watatu na imewekwa kwenye fomu ya makabidhiano.

Gharama: betri 270,000, Pi 290,000, kadi iliyokufa 35,000, SSD na kava lake 130,000. Hatua hii 725,000, jumla 2,830,000.

Jumatano, 3 Aprili 2024: wanafunzi 41 wanadaiwa milioni sita

Alfajiri ya Jumatatu ya Pasaka gridi ya taifa ilipata hitilafu, nchi ikawa giza. UPS ikafanya kazi yake, seva ikajizima kwa adabu, nikajisifu. Jana Jumanne tukaiwasha, Mama akaazimisha vitabu asubuhi nzima, foleni ndefu maana ndio watu wametoka sikukuu. Jioni intaneti ikarudi.

Leo saa mbili na nusu kijana wa mwaka wa kwanza kasimama kaunta kashika simu, mkono unatetemeka. "Mama, mimi kitabu nimekichukua jana." Kwenye akaunti yake: deni 148,200.

Nilidhani kosa la mtu mmoja. Nikatazama ripoti, ni watu 41, kila mmoja 148,200, jumla 6,076,200. Zaidi ya bajeti yote ya mradi.

Kilichotokea ni hiki. Betri ya saa ya mashine ya seva ilikuwa imekufa. Umeme ukawa haupo siku nzima, ikasahau tarehe, BIOS (programu ya mwanzo kabisa ya mashine) ikarudi 2015. Linux haikubali kuishi kabla ya kuzaliwa kwake, ikaona tarehe ni ya zamani kuliko yenyewe ikajisogeza mpaka 10 Machi 2022, tarehe iliyoandikwa ndani ya programu yake ya kuwashia mfumo (systemd). Intaneti haikuwepo kwa hiyo hakuna wa kuisahihisha, na hata ingekuwepo mimi mwenyewe nilizima usawazishaji wa saa mwezi Desemba nikiwa najaribu kitu nikasahau kuurudisha. Hivyo jana asubuhi kwa Koha ilikuwa Machi 2022, siku 14 za kuazima zikaisha 24 Machi 2022. Jioni nikaona saa imekosea, nikairekebisha nikaenda kulala nimeridhika. Usiku hesabu ya faini ikapita: siku 741 mara shilingi 200.

Zile betri mbili za Novemba zilikuwa kwenye droo. Droo ya meza ambayo seva imekaa juu yake. Niliweka mpya mashine zote 22 za wanafunzi, seva nikairuka kwa sababu ilikuwa inawaka vizuri.

Kurekebisha: Koha ina chombo cha kusogeza tarehe za kurudisha kwa mkupuo, nimechuja zote zenye mwaka 2022 nikazipeleka 16 Aprili. Madeni nimeyafuta moja moja, 41, maana sikutaka kugusa hifadhidata kwa mkono siku niliyokuwa na hofu. Kisha betri mpya, usawazishaji umewashwa, na MikroTik sasa ndiyo inatoa saa kwa seva hata intaneti ikiwa haipo. Pia nimeweka kikomo cha faini 10,000 kwa kitabu, kipo kwenye mipangilio toka zamani, tuliona hakina haja.

Yule kijana Mama amemnunulia soda. Gharama ya hatua: soda, ya Mama.

Jumamosi, 27 Aprili 2024: mwanafunzi ambaye hatukumpangia

Nilitenga mashine mbili kwa wasioona, nikaweka NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, na hedifoni. Nikaona nimemaliza. Tuna kijana mmoja asiyeona, mwaka wa kwanza ualimu, nikamwita ajaribu. Kasoro ya kwanza hakufika hata kwenye kiti: chumba kiko ghorofani, ngazi ya saba imevunjika ukingo. Tumeshusha mashine moja chini karibu na kaunta, kitu ambacho kingefanyika Novemba kama ningemuuliza yeye badala ya kusoma mtandaoni.

La pili, NVDA ilikuwa inasoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza. "Kitabu" inakuwa kitu cha ajabu. Ukiingia mipangilio ya sauti, eSpeak NG ina Kiswahili, chagua hicho. Sauti yake ni ya bati lakini maneno yanaeleweka. Kijana akaongeza kasi mpaka mimi nasikia mvumo tu, yeye anacheka, akasema hivyo ndivyo anavyosikiliza.

La tatu bado. Noti za walimu wengi ni picha za kurasa zilizopigwa skani, zimegeuzwa PDF. NVDA inazifungua inasema hakuna kitu. Tunazipitisha kwenye Tesseract, programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, ina Kiswahili, ukurasa ukiwa safi inatoa vizuri. Ukiwa ni fotokopi ya fotokopi, yenye kivuli cha kidole gumba cha mtu, inatoa takataka, na kuna wanafunzi wawili wanaojitolea kumsomea wanarekodi kwa simu. Walimu nimewaandikia watume faili la Word lenyewe. Wametuma watatu.

Hedifoni nne 100,000, jumla 2,930,000.

Jumanne, 14 Mei 2024: siku ya maktaba bila intaneti, ambayo haikufunguka

Juzi Jumapili nyaya za baharini, EASSY na Seacom, zilipata hitilafu, intaneti ikaanguka nchi nzima na majirani. Nikasema moyoni, sasa Kiwix itaonekana. Jumatatu asubuhi nikabandika tangazo mlangoni: andika "maktaba" kwenye brauza usome Wikipedia bila intaneti.

Mpaka saa nne hakuna aliyeingia. Nikachukua simu ya dada mmoja nijaribu mwenyewe. Kuandika "maktaba" tu brauza inadhani unataka kugugo, inaenda kutafuta nje ambako hakuna. Nikaandika anwani kamili na http:// mbele. Bado. Kwenye laptop inafunguka, kwenye simu haifunguki. Nusu saa nimekaa sakafuni na simu ya mtu, mwenyewe amesimama ananisubiri.

Kumbe simu ikiunganika na waifai ikaona haina intaneti, inajirudisha kimyakimya kwenye data ya laini. Alama ya waifai ipo juu, ila kurasa zinaombwa kupitia laini, na laini haijui maktaba yangu ni nini. Yaani kifaa nilichokijenga kwa ajili ya siku isiyo na intaneti kilikuwa kinafunguka siku zenye intaneti peke yake. Nilikijaribu mara mia Machi, zote intaneti ikiwepo.

Dawa ya haraka: zima data, simu ikiuliza kama ubaki kwenye waifai isiyo na intaneti, kubali. Nimechapa msimbo wa QR wenye anwani kamili, chini yake maneno manne kwa herufi kubwa, ZIMA DATA, KISHA SKANI, nimeipitisha kwenye plastiki, nakala kumi na moja, 22,000. Leo kwenye kumbukumbu ya seva kuna simu 163. Kurasa zilizosomwa zaidi ni za biolojia, halafu mpira.

Wanafunzi wa Kiswahili wameniuliza mbona Wikipedia ya Kiswahili haimo. Haimo kwa sababu nilisahau, faili lake ni dogo mno mbele ya lile la Kiingereza. Nitaishusha nyaya zikipona.

Jumla 2,952,000.

Jumamosi, 22 Juni 2024: mpaka mitihani iishe

Wikipedia ya Kiswahili imo. Vitabu vimefika 5,940, vilivyobaki havina majalada na Mama anasema vingine ni vya kuzikwa. Ngazi ya saba imezibwa kwa saruji, haikutoka kwenye bajeti hii.

Kwenye akaunti kuna 1,548,000. Mkuu anataka tununue kompyuta mpya sita "zionekane." Mimi nimeomba ziende kwenye betri za UPS za mwakani, kifaa cha pili cha waifai cha upande wa hosteli, na posho ya vijana wa field kwa ajili ya tasnifu za wanafunzi wa zamani, ziko 800 na ushee kwenye chumba cha nyuma, panya wameshaanza na za 2009. Kikao ni Alhamisi.

Betri ya saa iliyobaki moja bado iko kwenye droo, nimeiandikia tarehe.